Kozi Fupi ya Uhandisi wa Vinu vya Nyuklia Mjini Kisumu: Mafunzo Yanafaa, Tangazo Lirekebishwe

Tangu serikali ilipoanza, mwaka 2025, kuielekeza mipango yake ya umeme wa nyuklia kwenye kaunti ya Siaya, baada ya wakazi wa Uyombo kule Kilifi kuupinga mradi huo waziwazi, Nyanza na Magharibi yote imejaa mazungumzo ya kazi zinazotarajiwa, na palipo na mazungumzo ya kazi hapakosi mtu wa kuuza mafunzo. Ninachokitathmini hapa ni mojawapo ya mafunzo hayo: kozi ya wikendi ya utangulizi wa kazi ya mhandisi wa kinu cha nyuklia, inayotolewa na kituo cha kibinafsi cha mafunzo ya ufundi katikati ya mji wa Kisumu. Kituo sitakitaja jina, kwa kuwa nina malalamiko juu ya namna kinavyojitangaza na malalamiko hayo yanavihusu vituo vingine vya aina yake pia. Anayeitafuta kozi ataitambua kwa maelezo yangu. Ada ni shilingi 18,000, inalipwa kwa awamu mbili, na masomo huendeshwa Jumamosi kutwa na Jumapili baada ya saa nane mchana.

Mimi ni mhandisi wa mitambo, na riziki yangu hutokana na mvuke wa ardhini upande wa Naivasha, kaunti ya Nakuru. Mvuke tunaoutumia huko haufiki shinikizo la bar 10 unapoingia kwenye turbini, na hutoka ardhini ukiwa umebeba gesi na madini yake. Mvuke wa kinu cha nyuklia cha aina iliyoenea zaidi duniani hukaribia bar 70, na huzalishwa kwa joto la maji mengine ambayo hayachanganyiki nao kamwe, maji yaliyobanwa hadi bar 155 hivi ili yasichemke ijapokuwa joto lake hupita nyuzi 300. Nilitaka kujua ni sehemu gani ya ujuzi wangu ingenifaa huko na ni ipi ningelazimika kujifunza upya, na swali hilo lilijibiwa vizuri kuliko nilivyotazamia. Darasani tulikuwa mchanganyiko: vijana waliotoka vyuo vya ufundi, walimu wa fizikia wa shule za upili, mafundi wa boila kutoka viwanda vya sukari, na mama mmoja aliyekuja, kwa maneno yake mwenyewe, kuona kama kitu hiki ni cha kumlipia mwanawe.

Uzuri wa kozi hii ni mkufunzi. Katika somo la kwanza aliifuta picha ambayo wengi wetu tulikuja nayo, ya mhandisi aliyeketi mbele ya ukuta wa taa na vitufe. Anayeketi hapo ni mwendeshaji wa kinu, na hiyo ni kazi nyingine yenye leseni yake; nchini Marekani, kwa mfano, hakuna anayeruhusiwa kugusa vidhibiti hivyo bila leseni ya Tume ya Udhibiti wa Nyuklia. Mhandisi wa kinu ni yule anayemwambia mwendeshaji, kabla ya kinu kuwashwa, kwamba fimbo za udhibiti, zinazonyonya nyutroni (chembe zinazoipasua urani), zitakapofika urefu fulani na maji yakiwa na kiasi fulani cha boroni, inayozinyonya pia, hapo ndipo kinu kitakapofikia usawa, yaani mipasuko itakapojiendeleza yenyewe bila kupanda wala kushuka. Yeye ndiye anayefuatilia jinsi nguvu ilivyosambaa ndani ya kiini, yaani sehemu ya kinu yenye fueli, fueli imetumika kiasi gani, kila fungu la fueli liko wapi na lina historia gani, na wakati wa kubadilisha fueli, ambao katika vinu vingi huja kila baada ya miezi 18 hivi, ndiye anayeamua ni theluthi ipi itolewe na mafungu yaliyobaki yapangwe upya namna gani. Siku nyingi za kazi hiyo hupita mbele ya majedwali. Kijana mmoja alionekana kuvunjika moyo kusikia hayo, na mkufunzi hakujaribu kumbembeleza.

Vifaa vya kufundishia ni vichache lakini vimebuniwa kwa akili. Mkufunzi alikuja na bomba la alumini lenye urefu wa mkono, na mfukoni mwake akatoa vidonge vya udongo alivyochongewa na kuchomewa na wafinyanzi, akavipanga ndani ya bomba kimoja baada ya kingine huku akiacha nafasi juu kwa springi na gesi. Kidonge halisi ni cha oksidi ya urani, kipenyo chake hakifiki sentimita moja, na urani-235 ndani yake, ile aina ya urani inayopasuka kwa urahisi, imeongezwa kutoka asilimia 0.7 ya urani ya asili hadi kati ya asilimia 3 na 5. Bomba lake halisi ni la aloi ya zirkoni, kwa sababu zirkoni haizinyonyi nyutroni ovyo. Akatupitishia bomba lile mkono kwa mkono, kisha akaeleza ubaya wa madini hayohayo: zirkoni ikipashwa joto kupita kiasi humenyuka na mvuke na kutoa haidrojeni, na haidrojeni hiyo ndiyo iliyolipua majengo ya vinu vya Fukushima, Japani, mwaka 2011. Jambo moja, faida na hatari zake, likaelezwa kwa kipande cha alumini ambacho hakikumgharimu mtu zaidi ya shilingi mia chache.

Somo ambalo peke yake linastahili nusu ya ada ni lile la karatasi ya grafu. Kila mmoja alipewa karatasi, rula na penseli, na jedwali dogo la hesabu za nyutroni zilizosomwa na kipimo huku fimbo za udhibiti zikiinuliwa hatua kwa hatua: 100, kisha 125, kisha 167, kisha 250. Tuliulizwa kinu kitafikia usawa katika hatua ya ngapi. Ukizitazama namba hizo kama zilivyo unaona tu kwamba zinapanda, na unaweza kudhani safari bado ni ndefu. Mkufunzi akatuagiza tugawanye ile hesabu ya kwanza kwa kila hesabu iliyofuata na kuchora majibu: 1, 0.8, 0.6, 0.4. Ghafla tukawa na mstari ulionyooka unaoteremka kuelekea sifuri, na mtoto wa darasa la saba angeweza kuuendeleza kwa rula na kuona kwamba zimebaki hatua mbili tu. Hatua moja baada ya ile ya 250, hesabu ingekuwa 500. Hatua ya pili, isingekuwa na kikomo, yaani mfuatano wa mipasuko ungejiendesha wenyewe bila kusaidiwa na chanzo chochote cha nyutroni.

Akaongeza jambo ambalo vijitabu vingi huliruka. Katika kinu halisi mstari huo haunyooki, kwa kuwa hatua moja ya fimbo katikati ya kiini ina uzito mkubwa kuliko hatua hiyohiyo pembeni mwake, na mstari unaopinda kwenda chini utamdanganya mtu mwenye haraka. Kwa sababu hiyo desturi katika majaribio ya namna hii ni kutosogea zaidi ya nusu ya umbali uliokadiriwa, kusimama, kupima upya, kuchora upya, na ndipo kusogea tena. Kwa njia ya aina hii, na kikokotozi cha rula ya kuteleza mkononi, Enrico Fermi alikifikisha kinu cha kwanza cha binadamu kwenye usawa mjini Chicago tarehe 2 Desemba 1942. Walimu wa fizikia waliokuwepo waliomba nakala za zoezi hilo wakafundishe shuleni, na wakapewa bila malipo, jambo ambalo naliandika hapa kwa sababu si kila kituo kingekubali.

Fundi mmoja wa boila, mtu mzima aliyefanya kazi kiwandani tangu ujana wake, aliuliza swali ambalo nami nilikuwa nalo: ikiwa mipasuko huongezeka kwa kasi hivyo, mkono wa binadamu unawahi vipi? Mkufunzi alimjibu, "Mzee, hauwahi. Ungekuwa peke yake usingewahi hata kidogo." Kinachotuokoa ni kwamba si nyutroni zote zinazotoka papo hapo. Katika urani-235, chini ya nyutroni 7 katika kila 1,000 hutoka baadaye, kutokana na masalio ya mpasuko, nyingine baada ya sekunde chache na nyingine karibu dakika nzima, na kinu huendeshwa hivi kwamba hakiwezi kuendeleza mfuatano wake bila kuzingoja hizo chache zinazochelewa. Ule uchelewaji mdogo ndio unaofanya nguvu ipande kwa dakika badala ya sehemu ndogo sana za sekunde. Ukizipita nyutroni hizo, yaani kinu kikijitosheleza kwa zile za papo hapo peke yake, hakuna mwendeshaji wala mashine ya kawaida itakayowahi. Mzee yule aliandika jambo hilo kwenye daftari lake akalipigia mistari miwili.

Baada ya hapo kozi huhamia kwenye kompyuta. Kuna programu ya kuiga kinu, iliyosakinishwa kwenye kompyuta za mapajani ambazo wanafunzi hushirikiana wawili wawili, na ingawa michoro yake ni ya kizamani, fizikia yake imetulia. Zoezi lililotufurahisha ni la zenoni. Tuliambiwa tukizime kinu kilichokuwa kikifanya kazi kwa nguvu kamili, tukakizima. Kisha tukaambiwa tuharakishe saa ya programu na kujaribu kukiwasha tena baada ya saa nane. Jirani yangu, ambaye boila ya kiwanda chake ikizimika huwashwa upya mara tu hitilafu inapoondolewa, alivuta fimbo zote hadi mwisho, na kinu kikakataa. Sababu ni kwamba miongoni mwa masalio ya mpasuko kuna iodini-135, inayopungua hadi nusu kila baada ya saa 6.6 na kugeuka zenoni-135, ambayo hunyonya nyutroni kuliko karibu kitu kingine chochote kinachojulikana. Kinu kikiwa kinafanya kazi, nyutroni zenyewe huiteketeza zenoni hiyo. Kikizimwa, hakuna cha kuiteketeza, nayo huendelea kurundikana kwa saa kumi hivi kabla ya kuanza kupungua kwa mwendo wake wenyewe. Fueli ikiwa imechakaa, hakuna fimbo iliyobaki ya kuishinda, na wewe huna la kufanya ila kungoja, pengine siku nzima au zaidi.

Hapo mkufunzi akasimamisha kompyuta zote na kueleza ajali ya kinu cha Chernobyl, na nadhani alichagua wakati mzuri kuliko wakufunzi wanaoianza kozi kwa kisa hicho ili kutia watu hofu. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, waendeshaji waliokuwa wameishusha nguvu ya kinu mno kwa ajili ya jaribio walijikuta na zenoni iliyorundikana, wakavuta karibu fimbo zote ili nguvu isizame, na wakakiacha kinu katika hali ambayo maji yakigeuka mvuke nguvu ilipanda badala ya kushuka. Tulikuwa tumetoka kuvuta fimbo zote sisi wenyewe, dakika tano kabla, kwa sababu hiyohiyo. Hakuna aliyecheka.

Zoezi la pili la kompyuta ni fupi na kwangu mimi ndilo lenye thamani kubwa zaidi kikazi. Vali ya kupunguzia shinikizo inafunguka, taa inaonyesha kwamba imefungwa, na shinikizo linaendelea kushuka. Tukio lenyewe ni la Three Mile Island, Marekani, tarehe 28 Machi 1979: taa ile ilionyesha kwamba amri ya kufunga imetumwa, si kwamba vali imefunga kweli, na waendeshaji, wakiona kipimo cha maji katika tangi la shinikizo kimepanda, walidhani kinu kina maji tele na wakapunguza maji ya dharura yaliyokuwa yakiingia. Nusu ya kiini iliyeyuka. Katika mitambo ya mvuke ninayoifahamu kuna taa nyingi za namna hiyo, na fundi yeyote mwaminifu atakiri kwamba huwa anaziamini. Ningependa zoezi hili lichukue mchana mzima badala ya saa moja, wanafunzi waachwe wapotee kabisa ndipo waonyeshwe njia, kwa sababu jibu lilitolewa mapema mno na wale vijana hawakupata nafasi ya kushikwa na ule mkanganyiko ambao ndio somo lenyewe.

Kuhusu joto linalobaki baada ya kinu kuzimwa, mkufunzi alitumia kipimo ambacho kila mtu wa Nyanza anakifahamu. Kinu cha megawati 1,000 za umeme huzalisha takriban megawati 3,000 za joto. Kikizimwa, mipasuko hukoma, lakini masalio yake huendelea kutoa joto, mwanzoni kati ya asilimia 6 na 7 ya nguvu ya awali, yaani karibu megawati 200. Mtambo wa umeme wa maji wa Sondu Miriu una uwezo wa megawati 60. Hivyo kinu "kilichozimwa" bado kina joto la zaidi ya mara tatu ya Sondu Miriu linalotafuta mahali pa kwenda (ni kweli kwamba moja ni joto na nyingine ni umeme, na mwalimu mmoja hakukosa kusema hivyo), na baada ya siku nzima bado zinabaki megawati kumi na kitu. Fukushima ndipo hesabu hii ilipolipiwa: vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe tetemeko lilipotokea tarehe 11 Machi 2011, kama vilivyobuniwa, kisha tsunami ikazamisha jenereta za dizeli za kuendesha pampu, na viini vitatu vikayeyuka.

Kutoka hapo mjadala ukafika kwenye Ziwa Victoria lenyewe. Binti mmoja wa Dunga, ambaye familia yao huvua, aliuliza, "Mwalimu, na hilo gugumaji je?" Nilitarajia jibu la kisiasa. Badala yake mkufunzi alieleza kwamba kinu cha megawati 1,000 hulazimika kutupa takriban megawati 2,000 za joto lisilogeuka umeme, na kwamba kikitumia maji ya ziwa moja kwa moja na kuyarudisha yakiwa yameongezeka joto kwa nyuzi 10, kitahitaji karibu lita 48,000 kila sekunde; hesabu hiyo aliifanya ubaoni mbele yetu na mimi niliirudia kwa kikokotozi changu nikaiona sawa. Kisha akasimulia kituo cha Cruas, Ufaransa, ambako mnamo Desemba 2009 mimea ya majini iliyoletwa na mto Rhône iliziba mlango wa maji ya kupoza, na kinu kimoja kikakosa kwa saa kadhaa maji ya kupozea vifaa vyake vya usalama. Ufaransa haina gugumaji la Winam. Anayejua jinsi zulia lile linavyoweza kuufunga ufuo wa Kisumu kwa usiku mmoja upepo ukigeuka ataelewa kwa nini darasa lilibaki na swali hilo hadi wakati wa chai, na kwa nini binti yule, ambaye hakuwa mhandisi, aliuliza swali la kihandisi kuliko yote ya wikendi ile. Mkufunzi alitaja suluhisho: vichujio vinavyozunguka, milango ya maji iliyowekwa chini na mbali na ufuo, minara ya kupoza ambayo hupunguza sana maji yanayovutwa. Hakusema kwamba ni rahisi.

Somo la kinga dhidi ya mionzi ni la haraka mno. Tuliambiwa viwango vinavyokubalika kimataifa, milisiverti (kipimo cha mionzi inayompata mtu) 20 kwa mwaka kwa mfanyakazi kwa wastani wa miaka mitano na milisiverti 1 kwa mwananchi, tukaonyeshwa picha ya kipimo cha kifuani, basi. Kwa watu wanaofikiria kuifanya kazi hii maisha yao yote, hilo halitoshi.

Kijitabu cha kozi nacho ni nakala ya nakala. Michoro ya zenoni imekuwa madoa meusi, na kurasa mbili za yangu zilikuwa zimepinduliwa. Kwa shilingi 18,000 mtu anastahili kurasa zinazosomeka.

Sasa nirudi kwenye tangazo. Bango lililobandikwa nje linawaahidi wanafunzi kwamba watakuwa "tayari kwa kazi Siaya", na cheti kinachotolewa mwishoni kimeandikwa kwa namna inayoweza kumfanya mzazi aamini kwamba mwanawe amekuwa mhandisi. Nchini Kenya, uhandisi husajiliwa na Bodi ya Wahandisi chini ya sheria ya mwaka 2011, na hakuna kozi ya wikendi inayomfikisha mtu hapo. Anayeitaka kazi hii kwa dhati anahitaji kwanza shahada ya uhandisi wa mitambo, wa umeme au wa kemikali, au fizikia iliyokolea, kisha masomo ya juu ya nyuklia, kama yale ya Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, au ya chuo cha KINGS kule Korea Kusini ambako Wakenya kadhaa wamekwisha kusoma. Mkufunzi mwenyewe alisema hivyo darasani bila kificho. Ofisi ya usajili haikusema.

Muda nao umefichwa. Umoja wa Falme za Kiarabu, wenye fedha zisizo na kikomo cha kuonekana, ulitia saini mkataba wa vinu vya Barakah mwishoni mwa 2009 na kinu cha kwanza kikaunganishwa kwenye gridi Agosti 2020. Barani Afrika, kituo cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi ni kimoja tu, Koeberg cha Afrika Kusini, na Misri ilianza kujenga El Dabaa mwaka 2022. Kenya imeunda taasisi zinazohitajika, yaani wakala wa kuendeleza nishati hiyo na mamlaka ya kuidhibiti, zote kwa sheria za mwaka 2019, na imekuwa ikilenga miaka ya katikati ya 2030. Lakini kijana anayemaliza kozi hii mwezi huu hatakuta lango la kiwanda limefunguliwa Rarieda kule Siaya.

Kuna pengo jingine ambalo lingemfaa hata asiyetafuta kazi: gridi. Mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025, na kanuni inayofuatwa na wapangaji wengi ni kwamba mtambo mmoja usizidi asilimia 10 hivi ya gridi, ili ukizimika ghafla usiiangushe nchi nzima gizani. Kinu kimoja cha megawati 1,000 kingekuwa zaidi ya sehemu mbili kati ya tano, karibu asilimia 43, ya mahitaji hayo. Ndiyo maana vinu vidogo, vya chini ya megawati 300, vinazungumzwa sana katika nchi kama yetu. Nilipouliza kwa nini jambo hilo halimo katika ratiba, mkufunzi alisema aliliandalia somo zima na likaondolewa ili kozi iishe mapema. Lirudishwe, na kama ni lazima kitu kiondolewe, kiondolewe kile kipindi cha Jumapili cha kuandika wasifu wa kazi.

Ningempendekezea nani? Mwalimu wa fizikia wa shule ya upili aende bila kusita. Fundi wa boila, wa turbini au wa ala za kupimia atatoka na mambo ya kutumia Jumatatu kazini kwake, nyuklia au la. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi kutoka Bondo, Kakamega au Eldoret atajua kama anataka kuendelea kabla hajatumia miaka miwili ya masomo ya juu kugundua kwamba hapendi majedwali. Yule mama aliyekuja kuchunguza aliniuliza maoni wakati wa kutoka, nikamwambia mwanawe amalize kidato cha nne kwanza na ashike hisabati.

Kwa watakaokwenda: darasa liko ghorofa ya tatu na lifti haifanyi kazi, hivyo mwenye matatizo ya magoti apige simu mapema; nenda na kikokotozi chako cha kisayansi kwa kuwa vya pale havitoshi; chakula cha mchana hakimo katika ada; na ukilipa awamu ya kwanza kwa M-Pesa, dai risiti yenye jina la kozi na tarehe zake, kwa maana tarehe za kundi letu zilisogezwa mbele na waliokuwa na risiti pekee ndio waliokubaliwa kuhamia kundi lililofuata bila kutozwa tena.